Mbwa katoka kuogeshwa na kunyolewa, jicho jekundu na halifunguki: cha kufanya saa ya kwanza, na tyubu za kuacha kabatini

#1 Mzee wa Mifugo

Wakuu salaam. Swali hili linarudi kila mara humu na majibu yanatawanyika, basi tuliweke sehemu moja: mbwa ametoka kuogeshwa, amefumba jicho, machozi yanatiririka, analifikicha kwa mguu au anasugua uso kwenye zulia.

Jibu ambalo kila mtu huwa nalo ni "sabuni imeingia, itapita". Mara nyingi ni kweli. Tatizo ni kwamba mchubuko wa konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, unaonekana vilevile kwa macho yetu: wekundu, machozi, kufinya. Konea ya mbwa unene wake ni nusu milimita na kidogo tu, na tabaka la juu kabisa ambalo ndilo ngao likishatoka, vijidudu vina njia. Kwa hiyo msianze na dawa. Anzeni na maji.

Angalia kwanza ni jicho moja au yote mawili. Yote mawili yakiwa mekundu kwa kiasi kilekile na mbwa anayafungua, elekeza shaka kwenye shampuu, manukato au hewa ya moto ya mashine ya kukaushia. Jicho moja lililofumbwa kabisa, elekeza shaka kwenye kitu kilichoingia (unywele, chembe) au mkwaruzo wa brashi, mkasi au kucha.

Kusafisha: nunua dripu ya maji ya chumvi ya 0.9%, ile ya ml 500, inapatikana duka lolote la dawa. Hakikisha imeandikwa sodium chloride peke yake, si ile yenye dextrose (sukari) ndani. Iweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika chache, jaribu tone kwenye kiganja cha mkono, isikuchome wala isiwe baridi. Chukua bomba la sindano la ml 10 au 20, TOA SINDANO. Mtu wa pili amshike mbwa kidevu na kifua. Fungua kope kwa kidole gumba na cha shahada, mwaga maji taratibu kutoka kona ya ndani karibu na pua yatoke kona ya nje. Usirushe kwa nguvu, na usielekeze bomba katikati ya konea. Kwa shampuu ya kawaida, fanya dakika 10 hadi 15 ukimpumzisha katikati. Vuta kope la chini nje kidogo na mwaga humo ndani pia, maana mapovu hubaki pale.

Hakuna dripu nyumbani? Usipoteze saa nzima kuitafuta. Maji safi ya bomba sasa hivi ni bora kuliko dripu baada ya saa moja. Ukitaka kutengeneza mwenyewe: chemsha maji nusu lita, tia chumvi kijiko kidogo kimoja cha chai kilichosawazishwa, koroga, acha yapoe. Yatumie siku hiyohiyo na kesho yamwage. Kijiko cha kurundika au kijiko cha mezani ni makosa, chumvi ikizidi inachoma upya.

Baada ya hapo mvishe koni ya shingoni, ile kola pana inayozunguka kichwa ili asifikie jicho. Hii watu wanaidharau sana, na mchubuko mdogo unageuka kidonda kirefu kwa sababu mbwa ameachwa ajikune usiku kucha.

Usisubiri kesho ukiona lolote kati ya haya: konea imekuwa ya bluu au kama maziwa; kuna shimo au doa linaloonekana; damu; mboni ya jicho moja ni kubwa au ndogo kuliko ya pili; usaha wa kijani; jicho bado limefumbwa saa mbili tatu baada ya kusafisha; au kilichoingia si shampuu bali kemikali. Na mbwa wa pua fupi (Shih Tzu, Pug, Pekingese) apelekwe siku hiyohiyo hata kama dalili ni ndogo. Konea zao hazihisi maumivu vizuri kama za mbwa wa pua ndefu, kwa hiyo utulivu wake usikupe moyo.

#2 Kinyozi_wa_Mbwa

Uzi mzuri mkuu. Naongeza upande wa mezani kwetu.

Kitu cha kwanza kinachosahaulika ni vipande vya manyoya. Ukinyoa kwa mashine kuzunguka uso, vipande vya milimita mbili tatu vinaruka na kuingia nyuma ya kope la tatu, lile linalotokea kona ya ndani. Maji ya juujuu hayavitoi. Mbwa anaondoka saluni akiwa sawa, jioni jicho linaanza kufumba kwa sababu kila akipepesa kile kipande kinapita juu ya konea kama msasa. Unywele unaoonekana umelala kwenye nyama ya waridi ya kope, unaweza kuutoa kwa ncha ya gozi (shashi ya kufungia vidonda) iliyoloweshwa maji ya dripu, ukiuvuta kuelekea nje. Pamba isitumike, inaacha nyuzi zake. Ulio juu ya konea yenyewe usiuguse, mwaga maji, usipotoka, daktari.

Pili ni mashine ya kukaushia. Hewa ya moto ikielekezwa usoni inakausha utando wa machozi, na mbwa aliyefungwa kamba mezani hana pa kugeukia. Uso ukaushwe kwa taulo, basi. Ukilazimika kutumia mashine, hewa baridi, mwendo wa chini, ipite kutoka nyuma ya kichwa, isimkabili usoni.

Tatu, mkasi. Kuzunguka macho ni mkasi wa ncha butu tu, ukae sambamba na kope, ncha ielekee mbali na jicho. Anayekata manyoya ya kona ya ndani kwa mkasi wa ncha kali ukielekea juu anacheza kamari na jicho la mbwa.

#3 Nyota ya Pwani

Wakuu, vipi ile tetrasaiklini ya macho ya 1%, ile wanayopakwa watoto wachanga? Kila nyumba inayo. Baada ya kusafisha naweza kupaka wakati nasubiri daktari?

#4 Mfamasia Mtaani

@Nyota ya Pwani kwa jicho lililochubuka, tetrasaiklini peke yake haina ubaya mkubwa, na madaktari wa wanyama wanaiandika. Lakini mambo mawili. Moja, ukiijaza kabla ya daktari kuangalia, mafuta yake yanaharibu kipimo cha machozi na yanafunika anachotaka kukiona. Kama daktari ni leo, usipake chochote. Kama daktari ni kesho kutwa kwa sababu ya umbali, mpigie simu, mweleze, yeye ndiye akuambie upake.

Mbili, na hili ndilo kubwa: SOMA TYUBU. Kwenye kabati za watu kuna dawa za macho za aina mbili zinazofanana boksi. Moja ni antibayotiki tupu. Ya pili ni antibayotiki iliyochanganywa na steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu: deksamethasoni, betamethasoni, prednisoloni, haidrokotisoni. Kwenye boksi tafuta jina linaloishia na herufi "sone" au "lone". Ukiliona, rudisha kabatini. Steroidi inaondoa wekundu ndani ya siku moja, mwenye mbwa anafurahi, kumbe inazuia tabaka la juu kufunga na inavipa nguvu vimeng'enya vinavyoyeyusha konea. Jicho linaonekana jeupe na tulivu huku kidonda kinachimba. Jentamaisini ya matone nayo inauzwa ya aina zote mbili, tupu na yenye deksamethasoni, kwa hiyo usiniambie "ni jentamaisini tu" bila kusoma mstari wa pili.

Matone ya kuondoa wekundu ya binadamu, hapana. Yanabana mishipa ya damu, hayatibu kitu, na mbwa mdogo akiyalamba ya kutosha yanaweza kumshusha mapigo ya moyo. Matone ya ganzi, hapana kabisa. Ni ya daktari kupimia, yakirudiwa nyumbani konea haiponi. Na kwa maumivu msimpe paracetamol, ibuprofen wala diclofenac ya kwenu. Ibuprofen na diclofenac zinatoboa tumbo na kuua figo za mbwa kwa dozi ambayo kwenu ni ya kawaida.

Maziwa ya mama, asali ya dukani, chai ya rangi: naona vinapendekezwa kila siku. Havijatakaswa. Mnaweka chakula cha bakteria juu ya mchubuko.

#5 Bonde la Ngozi

Kuna saluni zinapaka mafuta ya mgando au mafuta ya maji kwenye macho kabla ya kuogesha ili shampuu isiingie. Mnasemaje?

#6 Kinyozi_wa_Mbwa

Wengine ndivyo tulivyofundishwa, lakini mimi naona ni kinga ya kujidanganya. Tone la mafuta halizuii shampuu kufika, linachelewesha tu maji ya kusuuzia kuitoa. Na mtu akishapaka, anajiamini, anamwagia povu usoni. Dawa ni kutoosha uso kwa shampuu hata kidogo. Kichwa kuanzia nyuma ya masikio kwenda mkiani, shampuu. Uso, kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, tone moja la shampuu isiyochoma macho ikibidi, kisha vitambaa viwili vya maji matupu. Wakati wa kusuuza kichwa inua kidevu, maji yateremke kuelekea shingoni. Ukiona maji yanateremka kwenye paji kwenda puani, umekosea mkao.

#7 Mzee wa Mifugo

Hapo kwenye mafuta natofautiana kidogo. Kwa mbwa wa macho yaliyotokeza ambaye hawezi kufumba vizuri, jeli ya kulainisha macho iliyotakaswa ina faida BAADA ya kuoga na kukaushwa. Kabla ya kuoga, nakubaliana nawe, na mafuta ya mgando ya dukani yasiguse jicho wakati wowote.

Niongeze kuhusu shampuu za ngozi. Mbwa wengi wanaogeshwa na klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) ya 2% hadi 4% kwa ajili ya fangasi na vipele. Hiyo si shampuu ya mapovu tu. Kwa nguvu hiyo inaunguza konea vibaya, na maumivu yanaweza kuonekana madogo mwanzoni kisha konea ikawa ya bluu baadaye. Ikiingia, usihesabu dakika 10. Hesabu 20, na mbwa aende kwa daktari hata kama anafungua jicho.

#8 Daktari wa Paka na Mbwa

Nimefurahi kuona watu wanakataza steroidi kabla sijafika.

Nieleze kinachofanyika kliniki ili mjue cha kuulizia. Kipimo cha kwanza ni cha machozi: kijikaratasi kinawekwa kope la chini dakika moja. Milimita 15 na zaidi ni kawaida. Chini ya 10 mbwa ana macho makavu, na hapo kumbe saluni imesingiziwa, ugonjwa ulikuwepo na sabuni imeuamsha tu. Kinafanywa kabla ya tone lolote, ndiyo maana mfamasia hapo juu anawaambia msipake.

Kisha rangi ya fluoresini. Kijikaratasi cha rangi ya chungwa kinaloweshwa kwa tone la maji ya dripu, kinaguswa kwenye nyama nyeupe ya jicho (si kwenye konea, chenyewe kitaacha alama ya uongo), mbwa anapepesa, jicho linasuuzwa, linaangaliwa kwa mwanga wa bluu. Palipochubuka panang'aa kijani. Umbo la alama linasema mengi: mistari ya wima inatuambia kuna unywele chini ya kope, doa la duara lenye kingo kali ni la kukwaruzwa, na eneo pana lililofifia kati ya kope mbili ni la kemikali au hewa ya moto. Tahadhari moja: shimo lililofika tabaka la mwisho kabisa halishiki rangi katikati, linashika pembeni tu kama pete. Asiyejua hili husema "katikati pamepona". Pale ndipo karibu patoboke.

Daktari akimaliza kumwangalia mbwa bila kupaka rangi, muulize kwa heshima. Jicho lililofumbwa halijakaguliwa mpaka lipakwe rangi.

Mchubuko wa juu usio na maambukizi hufunga kati ya siku 3 na 7. Kwa kawaida ni antibayotiki tupu, tetrasaiklini au kloramfenikoli ya 1% au tobramaisini ya 0.3%, mara 3 hadi 4 kwa siku, koni muda wote, na kurudi kupakwa rangi baada ya siku 2 au 3. Atropini ya 1% inaweza kuongezwa kwa siku chache kutuliza mkazo wa ndani. Mboni itapanuka, na mbwa akitoa mate mengi baada ya tone msishtuke, ni uchungu wa dawa umeteremka kooni. Wanaopaka kloramfenikoli wavae glavu au wanawe mikono mara moja.

Siku ya 7 rangi bado inashika? Usibadilishe antibayotiki tu. Kuna sababu imebaki ndani: unywele nyuma ya kope la tatu, kope linalojikunja, machozi haba, au kingo za kidonda ambazo zimegoma kushikamana chini. Hii ya mwisho tunaiona sana kwa Boxer na kwa mbwa wazee wa aina yoyote, na inataka kingo zilizolegea zisafishwe kliniki chini ya ganzi.

#9 Nyota ya Pwani

Asante daktari. Swali jingine: kuna mbwa wanaopata wekundu siku kumi au wiki mbili baada ya kunyolewa. Hapo sabuni haihusiki tena, au?

#10 Kinyozi_wa_Mbwa

Haihusiki. Angalia manyoya ya juu ya pua, pale kati ya macho. Yakiwa marefu yanalala. Yakinyolewa mafupi sana yanarudi yakiwa yamesimama wima, magumu, ncha zikielekea kwenye konea. Wiki mbili ni kipindi chake hasa. Shih Tzu na Maltese ndio wenyewe. Ama uyaache marefu uyafunge juu, ama uyanyoe na ukubali kuyapunguza kila baada ya wiki 3 au 4. Katikati hapo hakuna amani.

#11 Daktari wa Paka na Mbwa

Sahihi. Naongeza moja ambayo inawapotosha hata wenzetu. Mbwa ametoka saluni, kope la tatu limepanda, kope la juu limelegea, mboni imekuwa ndogo, lakini hafinyi jicho kwa maumivu na rangi haishiki. Hapo tatizo si la jicho. Ulizeni kama alisafishwa au kung'olewa manyoya masikioni, au alivutwa shingo kwa kamba. Neva inayoendesha mboni na kope hupita shingoni na kwenye sikio la kati. Daktari aangalie sikio.

#12 Fundi Josho

Wakuu mmeongea shampuu za saluni, ila huku kwetu mbwa wengi hawaogeshwi shampuu. Wanaogeshwa dawa ya kupe ya ng'ombe, sabuni ya unga na Jik. Hao mnawaambiaje?

#13 Mzee wa Mifugo

Swali la maana kuliko yote, asante.

Sabuni ya unga na Jik ni za upande wa magadi. Kemikali za magadi ni mbaya kuliko za tindikali kwa jicho, kwa sababu tindikali inagandisha protini ya juu na kujizuia yenyewe, magadi yanayeyusha mafuta ya seli na kuendelea kuzama ndani. Kwa hiyo ikiingia: maji mengi, hata ya bomba, dakika 20 hadi 30 bila kukatisha, lita kadhaa. Bomba la sindano hapo halitoshi. Tumia mrija wa dripu au mimina kwa kikombe. Msijaribu kusawazisha kwa siki au ndimu, mnaongeza moto juu ya moto. Dettol vilevile si ya kuogeshea mbwa.

Dawa ya kupe ya amitrazi (ile ya 12.5%) inachanganywa na maji kabla ya kuogeshea, na kipimo cha ng'ombe kwenye chupa si cha mbwa. Ikiingia jichoni suuza dakika 20, kisha msitazame jicho pekee. Akianza kusinzia, kuyumba, kutapika, mwili kupoa au mapigo kwenda polepole, ni sumu imeingia mwilini, kimbieni naye. Nendeni na chupa yenyewe. Nusu ya kazi ya daktari ni kujua jina lililoandikwa pale.

#14 Mfamasia Mtaani

Namna ya kuweka dawa, maana naona watu wanapewa tyubu nzuri na zinaishia mashavuni.

Safisha matongo kwanza kwa gozi na maji ya dripu, kipande kipya kila jicho. Mbwa akae, wewe kaa nyuma yake, mgongo wake kifuani kwako. Ukimjia kwa mbele anarudi nyuma. Kiganja kimoja kiinue kidevu, mkono wenye dawa uegemee kwenye paji lake ili akitikisika mkono usogee naye. Tone moja linatosha, jicho halibebi zaidi. Mafuta: urefu wa punje ya mchele ndani ya kope la chini, fumba mara mbili tatu. Ncha isiguse jicho wala manyoya.

Dawa mbili? Pisha dakika 5 kati yake. Matone kwanza, mafuta mwisho, maana mafuta yakitangulia matone yanateleza juu. Chupa ikishafunguliwa, andika tarehe, itupe baada ya siku 28 hata kama imejaa.

Koni ipite ncha ya pua kwa sentimita mbili hivi, na vidole viwili vipite shingoni. Ikiwa fupi kuliko pua ni pambo tu.

#15 Bonde la Ngozi

Na jicho likitoka nje? Niliwahi kusikia inatokea mezani kwa hawa wa pua fupi.

#16 Daktari wa Paka na Mbwa

Inatokea. Tundu la jicho lao ni fupi, kope pana, na kamba ya mezani ikibana shingo huku mbwa anavuta, au akikamatwa ngozi ya kisogo kwa nguvu, jicho linaruka mbele na kope zinafunga nyuma yake. Legeza kamba mara moja. USILISUKUME lirudi. Mwagia maji ya dripu, funika kwa gozi iliyolowa maji hayohayo, endelea kuilowesha njiani kila dakika chache, zuia miguu yake ya mbele, mbebe. Ni suala la saa, si la siku. Na kwa mbwa hawa kamba ya mezani ifungwe kifuani, si shingoni.

#17 Nyota ya Pwani

Swali la mwisho kwangu: aogeshwe tena lini?

#18 Daktari wa Paka na Mbwa

Rangi isiposhika na dawa ikiwa imeisha. Kabla ya hapo futa mwili kwa kitambaa chenye maji, kuanzia mabegani kwenda nyuma, koni ikiwa shingoni.